Sakafu ya Fundi Cherehani

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mzima akizama sebuleni mwake mwenyewe, mchana kweupe, na sakafu kavu kabisa?

Fundi cherehani mmoja alizama hivyo. Ilikuwa Jumatatu, akipiga pindo la sketi ya shule, chai imepoa kikombeni na nzi keshaingia. Alipotaka kuinuka achukue pasi, akakuta nyayo zimo ndani ya saruji, hadi vifundoni. Hakupiga kelele. Alikaa tena, akamalizia pindo.

Mumewe alikuwa mwashi, tena mwashi wa kusifiwa. Aliporudi kazini alichuchumaa, akagonga sakafu kwa kidole, akasikiliza.

"Mchanga ulizidi," alisema. "Nilijua tu. Hii niliimwaga kwa haraka."

"Siyo sakafu," mkewe alisema polepole.

"Mke wangu, mwashi hapa nani?"

Akakoroga saruji, akaziba kuzunguka miguu, akalainisha kwa mwiko mpaka pakang'aa. Jumatano sakafu ilikuwa imefika magotini. Akachukua msumeno, akaikata miguu ya meza ya cherehani ili mkewe aifikie kazi. Aliikata sawasawa, akaipiga msasa. Kigoda kiliondolewa, maana hakikuwa na kazi tena.

Wateja walizoea. Walipiga magoti wapimwe mabega, wakasimama, wakapangusa vumbi.

"Fundi, siku hizi mambo yako makubwa, mpaka tunakupigia magoti!" jirani mmoja alimtania.

Fundi alicheka. Kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kueleza. Jirani alipotoka, aliifumua sketi ileile ya Jumatatu akaanza kuishona upya. Chakula kilirudi jikoni kimefanya utando juu. Nywele, na alikuwa mtu wa kujipenda yule, ziliachwa zikajisokota. Alimwambia mumewe kwamba usiku halali. Mumewe alimjibu kwamba hata yeye angesimama ndani ya saruji asingelala.

Alichokiogopa hakumwambia. Huko chini kulikuwa na baridi, na nyayo zake hazikugusa kitu.

Jumamosi mchana, sakafu ikiwa imefika kifuani, alikuja wifi yake, dada wa mwashi. Kakaye alikuwa uani akichekecha mchanga mwingine. Wifi huyu alikuwa msafishaji hospitalini. Miaka kumi na moja alikuwa akideki korido ya daktari wa maradhi ya akili, ambako milango ni ya mbao nyembamba, na anayedeki hawezi kuziba masikio. Maswali ya daktari aliyajua yote.

Alivua viatu, akalala kifudifudi sakafuni, akaegemea viwiko, uso wake ukawa sawa na uso wa wifi yake.

"Wifi, sikuja kukusema."

"Karibu. Sina hata kiti cha kukupa."

"Kiti cha nini, nami nimeshalala? Hebu niambie, haya yalianza Jumatatu kweli?"

"Kabla," fundi alisema. "Tangu mvua. Nilikuwa nikikata kitambaa naimba. Siku moja nikaona siimbi, na wala sijali."

"Na hapo ulipo unajionaje?"

"Mzigo. Mtu mzima, wananikatia meza."

Wifi aliogopa swali lililofuata. Lakini alikuwa amelisikia likiulizwa mara nyingi, na aliwaona watu wakitoka baada ya kuulizwa, wakiwa wamelia, wakiwa hai.

"Wifi yangu, umefikiria kufa?"

Nje chekeche lilisita, kisha likaendelea.

"Nimefikiria," fundi alisema, "ikifika shingoni, nisimwite mtu."

Wifi hakupiga ukelele wala hakumtaja Mungu kwa nguvu. Aliushika mkono wake kwa mikono miwili. Ulikuwa baridi.

"Umefanya vizuri kuniambia. Leo sitoki hapa. Asubuhi tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe. Hawezi kukutoa siku moja, nisikudanganye, lakini ugonjwa huu anaujua."

Kisha akapaza sauti: "Kaka! Acha huo mchanga, lete tindo na nyundo! Utuvunjie hii sakafu taratibu, mkeo apate kutoka!"

Mwashi alitokea mlangoni, karai la saruji mbichi begani, jasho likimtiririka. Aliwatazama wanawake wawili sakafuni. Aliutazama ufa mpya karibu na kwapa la mkewe.

"Safari hii nimezidisha saruji," alisema. "Hii itashika."

Akapiga goti, akachota kwa mwiko. Saruji ikamdondoka kabla haijafika kwenye ufa.

Fundi aligeuza shingo, sehemu iliyokuwa bado ikigeuka vizuri, akamtazama.

"Mume wangu," alisema, "haya aliyoniuliza wifi, nilitaka uniulize wewe."