Orodha ya Jumanne

Kila Jumanne saa sita mchana kocha wa mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Bellamy hutoa orodha ya watakaocheza Jumamosi, na kila Jumanne saa sita mchana hakuna kichwa kinachonyolewa kwa kinyozi Doyle Pruitt. Mashine huzimwa, mteja hubaki nusu kichwa, na wote huigeukia simu ya Doyle. Wiki saba mfululizo, kwenye nafasi ya mrushaji, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, kocha alikuwa ameandika majina mawili na kijineno katikati: Oglesby au Boone. Kocha alikuwa hajaamua. Na kwa kuwa hajaamua, mji mzima ulikuwa ukimwamulia.

Hoyt Ledbetter, fundi wa matrekta aliyestaafu, mwenye miaka sabini na mmoja, aliipenda ile "au" kuliko kitu chochote kilichoandikwa nje ya Biblia. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa mdomo yeye alikuwa mtu wa Oglesby. Tanner Oglesby alikuwa na mwaka wa tano chuoni na goti bovu. Hakuwa amewapa wapinzani mpira hata mara moja msimu ule, wala hakuwa ameurusha mbali hata mara moja. Micah Boone alikuwa na miaka kumi na minane, na aliweza kuupeleka mpira yadi sitini, mara nyingine kwa mtu wa timu yake. Kila mtu alikuwa amechagua wake mwezi wa Agosti. Kule kwao Alabama mtu huweza kuhama kanisa na akasamehewa, lakini akimwacha mrushaji wake katikati ya msimu ataitwa kigeugeu mpaka Krismasi.

Ukweli ni kwamba Hoyt alijua tangu mazoezi ya kwanza kuwa Boone ndiye. Macho anayo, na mpira ameutazama miaka sitini. Alimchagua Oglesby kwa sababu moja tu: mwanawe Lanny, aliye mbali huko Oregon, alikuwa amemchagua Boone.

Jumanne hii Doyle aliisoma orodha, kisha akaisoma tena.

"Jamani," akasema. "Boone. Peke yake. 'Au' imetolewa."

Kinyozini kukazuka kicheko na vifijo. Mwalimu Vickers, aliyekuwa amenyolewa upande wa kushoto tu, aligeuka na shuka lake shingoni akampa Hoyt mkono. "Mzee Hoyt, pole kwa msiba."

"Kocha amekosea," Hoyt akasema. "Kale katoto katawagawia wapinzani mpira mpaka wakaambie asante."

"Mfa maji haachi kutapatapa," Doyle akasema. "Bwana wee, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Kwani nimekataa? Nasema tu kocha amekosea."

"Basi nikuulize. Jumamosi ile Boone aliporusha mpira wa mwisho, ni nani aliyepanda juu ya benchi akapiga yowe mpaka kofia ikamdondoka?"

"Nyigu aliniuma."

"Nyigu anayejua mpira huyo." Doyle akawasha mashine, kisha akaizima tena. "Au ni vile vimkate vyako vya Jumapili vimekuharibu akili? Mbwa wangu nilimpa kimoja. Alikizika, ndugu yangu. Alichimba shimo akakizika."

Wakacheka tena, na siku nyingine Hoyt angecheka nao, maana hakuna mtu mjini asiyejua vimkate vyake. Kila Jumapili alfajiri huvipika kwa unga, siagi na maziwa ya mgando, huvipeleka kwenye chakula cha kanisa, na vyote hurudi nyumbani kama vilivyokwenda. Hakuna aliyejua kwa nini mjane yule mwenye mikono ya kufungulia nati aliendelea kuvipika, naye hakusema. Siku hii alichukua kofia yake, akatoka, akaiendesha pikapu nyumbani polepole.

Lazima nikuambie habari ya hiyo pikapu. Miaka minne nyuma, Jumamosi moja ya Oktoba, mkewe Verna alikata roho hospitalini huku mkono wake umeshikwa na Lanny. Hoyt alikuwa chini, kwenye maegesho ya magari, ndani ya pikapu, anasikiliza mechi redioni. Lanny alishuka kumwita akamkuta hivyo, sauti ya mtangazaji imejaa garini, robo ya tatu ya mchezo inakwenda. Kijana alisema neno moja tu. "Mpira?" Alibaki mpaka mazishi, akavua suti, akaenda Oregon kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, asirudi tena.

Mwaka uliofuata, Septemba, siku ya Jumanne, simu ililia. "Nani anaanza?" Lanny aliuliza, bila salamu. Hoyt akamwambia. Wakabishana dakika kumi, simu ikakatwa. Tangu hapo Lanny hupiga kila Jumanne ya msimu, saa kumi na mbili jioni, akitoka kazini, na hawajawahi kuzungumza jambo jingine. Hoyt hajui kama mwanawe ana mchumba. Hajui anakaa nyumba ya namna gani. Msimu ukiisha Novemba, simu nayo hulala mpaka Agosti.

Mwaka jana ulikuwa mbaya. Chuo kilikuwa na mrushaji mmoja hodari, asiye na mshindani. "Anacheza vizuri." "Ndiyo, anacheza vizuri." "Haya, Baba. Basi." Dakika tatu. Jumanne mbili za mwisho Lanny hakupiga kabisa, na Hoyt alikaa jikoni akiitazama simu, akijiambia kijana amechoka, kazi ya mbao ni ngumu. Ndipo mwaka huu ikaja ile "au", na simu ikarefuka dakika arobaini, hamsini. Wiki ya tano Lanny alicheka, kwa sauti, na Hoyt alilala na kicheko hicho siku tatu. Alimtetea Oglesby kwa hoja ambazo Oglesby mwenyewe angezionea haya. Alichotaka ni ile sauti.

Sasa "au" haipo. Hoyt aliketi jikoni tangu saa kumi, viatu mguuni, akitafuta la kubishania. Labda mlinda kushoto, yule anayemkinga tu mrushaji asiangushwe. Lakini ni nani aliyewahi kubishana dakika arobaini juu ya mlinda kushoto?

Saa kumi na mbili kamili simu ikalia.

"Umeiona?" Lanny akauliza.

"Nimeiona."

"Enhe?"

"Umeshinda."

"Sema tena, sikusikia. Mashine zinapiga kelele huku."

"Umeshinda, mwanangu, usitake niimbe."

Lanny akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha, na hapakuwa na kitu nyuma yake. Hoyt alisikia lori likirudi nyuma mahali fulani kule Oregon.

"Goti la Oglesby likipona..." Hoyt akaanza.

"Baba. Imekwisha. Hata wewe unajua."

"Ligi bado ndefu."

"Haya," Lanny akasema. "Basi..."

Hoyt aliifahamu ile "basi". Ilikuwa ya mwaka jana. Kwa miaka minne alikuwa na neno la kujitetea, na hakulisema, kwa sababu ndani ya neno hilo mlikuwa na aibu, na ukilitoa neno, aibu nayo hutoka. Sasa aliona heri aibu kuliko kimya.

"Usikate," akasema. "Siku ile ni mama yako aliyenituma."

Akaihamishia simu sikio la pili, akaendelea.

"Redio ya chumbani ilikuwa inakoroma tu, unakumbuka. Wewe ulikuwa umetoka kumwona daktari. Akaniambia, Hoyt, shuka kwenye gari ukasikilize kocha ameanza na nani, Kimbrell au Dill, uje uniambie. Mimi nilikuwa Kimbrell, yeye Dill. Tulikuwa tumewekeana dau."

"Najua mlikuwa mmewekeana." Sauti ya Lanny ilikuwa ngumu. "Nyumba ile haikuwa na kingine. Sasa kujua nani ameanza kunahitaji robo tatu za mchezo?"

"Hapana. Nilijua dakika ya kwanza."

"Sasa?"

Hoyt alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nimeshindwa. Nikasema nikae kidogo, huenda wake atakosea, nipande na cha kumwambia. Sikutaka kupanda mikono mitupu. Nikamngoja akosee, Lanny. Hakukosea. Nikaendelea kungoja. Ndivyo ilivyokuwa, sina nyingine. Yeye kule juu anangoja jibu, mimi niko chini nangoja kijana wa watu apoteze mpira."

Alijua kuwa simu ikikatwa sasa haitalia tena Septemba wala Agosti, na hakuwa na wa kumlaumu. Alihesabu pumzi za mwanawe, maana zilikuwa zikisikika.

"Alianza nani?" Lanny akauliza.

"Hujui?"

"Mechi ile sijataka kuijua mpaka leo."

"Dill."

Sauti ya Lanny haikuwa tena ile ngumu. "Alisema hivyo."

"Nani alisema?"

"Mama. Alifumbua macho akaniuliza, baba yako hajarudi? Nikamwambia bado. Akacheka, Baba. Kile kicheko chake cha puani. Akasema, basi ni Dill. Angekuwa Kimbrell, baba yako angekwishapanda ngazi mbilimbili kuja kunicheka." Lanny akavuta pumzi. "Nikadhani ni zile dawa. Nilikuwa na hasira, sikutaka kusikia habari za mpira. Halafu akafumba macho."

Miaka minne Hoyt alikuwa akimwona mkewe usiku na mchana ameukazia macho mlango, anangoja jibu ambalo mumewe alilikalia kwenye gari. Kumbe jibu alikuwa nalo. Kumbe alikwenda akiwa ameshinda, anamcheka. Alilia pale kwenye kiti cha jikoni, wazi, bila kuiziba simu, na Lanny alimsikia na hakukata.

"Mlikuwa mmewekeana nini?" Lanny akauliza baada ya kitambo. "Nimesahau."

"Kimbrell akianza, yeye anaosha pikapu. Dill akianza, mimi napika vimkate Jumapili."

"Ulipika?"

"Nilipika."

"Jumapili ile ya mazishi?"

"Ile hapana. Nilianza iliyofuata."

"Ulianza? Una maana gani, ulianza?"

"Nimepika kila Jumapili," Hoyt akasema. "Haikuonekana kama deni la siku moja."

Lori la Oregon lilirudi nyuma tena, likaenda zake. Lanny alipenga kamasi, akasogeza simu, akapenga tena.

"Vinalika?"

"Mbwa wa Doyle alikizika kimoja."

Hapo wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wenye pua zilizoziba, na kilipokwisha Hoyt aliogopa tena, kwa sababu baada ya kicheko huja ile "basi".

"Unaukanda sana unga," Lanny akasema. "Ndiyo maana vinakuwa mawe."

"Siukandi."

"Unaukanda, Baba. Nakujua. Unaukaza kama nati ya trekta. Mama alikuwa anaugusa tu. Anaukunja mara mbili, anaukata, basi."

"Mama yako aliukanda. Nilikuwa nakaa papa hapa namwona."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Verna aliugusa unga kwa ncha za vidole kama mtu anayepima homa ya mtoto, na Hoyt alikuwa amelikumbuka hilo sekunde ileile mwanawe alipolisema. Kijana alisema kweli, kama alivyosema kweli juu ya Boone. Lakini Hoyt alivuta kiti, akavua viatu kwa mara ya kwanza tangu saa kumi, akajiweka sawa.

"Na siagi unaiyeyusha, bila shaka," Lanny akasema.

"Naiyeyusha, ndiyo. Itaingiaje ikiwa ngumu?"

"Mungu wangu. Siagi huwa baridi, Baba. Hilo hata mtoto mdogo analijua."

"Watoto wa Oregon labda. Huku tunaiyeyusha."

"Nimezaliwa kwenye jiko hilo unalokaa."

"Umelisahau."

Saa moja ikawakuta bado kwenye siagi. Hoyt alikuwa amekwisha kubuni hoja tatu za kuiyeyusha, moja ikihusu hali ya hewa, na alikuwa akizitetea zote kwa moyo mmoja.

"Itabidi mtu aje akuonyeshe kwa macho," Lanny akasema hatimaye, kwa uchovu. "Kwa simu hufundishiki."

Hoyt aliishika simu kwa mikono miwili.

"Aje," akasema. "Aje huyo mtu. Na bado nitabishana naye."