Vidole Tisa

Mama mkwe hapigiwi kelele. Hilo nililijua hata siku ile, na ndiyo maana nilimeza hasira nzimanzima.

Nilikuwa nimetoka karakana, vumbi la mbao bado kichwani. Nikamkuta mezani sebuleni, miwani puani, rundo la vitabu vyangu vya nota za muziki mbele yake. Kifutio kilikuwa kimeisha, kimebaki kama punje ya mahindi, na chenga zake zimejaa meza nzima.

"Karibu, baba," akasema, uso umemng'aa. "Nimekusafishia vitabu vyako. Hawa wajukuu zangu, jamani! Wamechorachora penseli kila ukurasa."

Hawakuwa wajukuu. Alikuwa dada yangu.

Mimi ni seremala, na mafundi wenzangu huniita Mzee Nota, maana popote kinapotupwa kitabu cha piano, nipo. Nimeviokota kwa wauza vitabu chakavu, kwenye nyumba za watu wanaohama, hadi kwenye pipa la takataka la shule. Jioni najifunza kuvipiga kwenye piano niliyoifufua kwa mikono yangu. Ila msumeno ulinichukua kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na waliotunga nyimbo hizo hawakuniwazia mimi. Wao wanataka vidole kumi.

Dada, ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma nota, alikataa katakata niache. "Tutawazunguka tu," alisema. Akakaa nami wimbo baada ya wimbo, akitafuta kidole kipi kipite wapi, akiandika namba kwa penseli juu ya kila nota. Kisha akaugua, akafa. Zile namba ndizo zilizokuwa mkono wangu wa kushoto.

Sasa juu ya nota palikuwa peupe pee.

"Asante, mama," nikasema. Haki ya Mungu, nilisema asante!

Aliyeangukiwa na hasira yangu ni mke wangu, chumbani.

"Mama yako amemfuta dada!"

"Punguza sauti, atasikia."

"Na asikie!"

"Mume wangu, ametunza maktaba ya shule maisha yake yote. Kwake kuandika kwenye kitabu ni dhambi. Alikuwa anakushukuru kwa kumpokea aishi nasi."

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu ametenda wema, na bado yupo sebuleni kwangu!

"Bora angevichoma moto," nikasema. "Ningejua nina adui, nikajua pa kuanzia."

Mke wangu akanigeuzia mgongo. Nilijua nimevuka mpaka, na sikuomba radhi.

Kuanzia kesho yake nikakaa kwenye piano kila jioni na wimbo wa mwisho tuliojifunza na dada. Vidole vilikumbuka mengi, nami nikawa naandika namba upya. Lakini mstari wa chini wa ukurasa wa pili, pale mkono wa kushoto unapopanda haraka, nilikuwa sijaukariri. Nilikuwa nausoma tu, kwa kuwa ulikuwepo. Nikajaribu hivi, nikajaribu vile. Kila mara kilichohitajika ni kidole nisichonacho. Nikaufunga mfuniko wa piano kwa kishindo, vikombe vikalia kabatini.

Jioni moja mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Baba, wimbo mzuri huo. Mbona kila siku unakatikia palepale?"

Mke wangu akanikazia macho kutoka mlangoni. Lakini nilikuwa nimechoka kumeza.

"Hapo ndipo ulipofuta, mama."

Nikamwambia yote: kidole, dada, zile namba. Sikupaza sauti, ila sikumpunguzia hata neno. Nilidhani nikishasema nitapoa. Wapi! Nikazidi kuchemka, maana yule mama alisimama pale akizidi kujifuta mikono iliyokwisha kukauka, na sasa hata haki ya kumkasirikia akawa ameninyang'anya.

Akaenda chumbani kwake. Akarudi amevaa miwani, ameshika penseli iliyochongwa vizuri. Akavuta kiti, akaketi kando yangu, upande uleule aliokuwa akiketi dada, na kuinamia karatasi.

"Nitajie, mwanangu," akasema. "Nitajie nami nitaziandika zote, moja moja."

"Nikutajie nini, mama?" nikamwambia. "Anayezijua ni marehemu."

Penseli ikabaki hewani juu ya mstari ule.