Nizikeni Juu ya Winifred

Mama yangu, Attracta, hakutaka urithi wala kuombwa radhi. Alitaka kaburi. Akifa azikwe kwenye kaburi la akina Ruane, ambamo jamaa huzikwa mmoja juu ya mwingine, juu kabisa ya Winifred, mwanamke aliyemtesa mama yake.

Mama yake huyo ndiye Nora. Pale kwetu Carrowbeg, kijiji cha Ireland, habari za Nora zilijulikana kama akina Ruane walivyozisimulia: kijakazi wao aliyeokotwa nyumba ya maskini, akalazwa zizini na ndama, akafukuzwa siku aliposhika mimba. Alizeeka akifua nguo za watu mjini, akazikwa bila jiwe. Lakini kabla ya kukata roho alimwambia Mama, "Peter Ruane, mumewe Winifred, ndiye baba yangu. Baba wa kunizaa."

Mama akaenda kumwambia Malachy, mjukuu wa Winifred, ambaye sasa ndiye mwenye shamba. Malachy alimcheka mbele ya watu waliokuwa wakitoka misa.

"Attracta, kila kijakazi katika kaunti nzima ya Mayo ni binti wa mwenye nyumba! Nenda nyumbani kapumzike."

Mama alirudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena, na hakusahau.

Miaka ikapita, hadi karatasi za sensa ya 1901 na ya 1911 zilipowekwa kwenye mtandao. Hizo ndizo zilizosalia. Za zamani zaidi karibu zote ziliteketea. Tuliketi jikoni, nikatafuta kijiji chetu, kisha nyumba. Nilianza na ya 1911. Peter Ruane, mkuu wa kaya. Winifred, mke, mwaka wa tisa wa ndoa. Wavulana watatu. Chini kabisa: Nora Ruane, mtumishi, miaka kumi na miwili.

"Pole, Mama," nikasema. "Wameandika mtumishi."

"Na wewe umesoma wapi? Kijakazi wa kuokotwa anaitwaje Ruane? Tena Winifred ameolewa miaka tisa, mtoto ana kumi na miwili. Fungua ile nyingine."

Nikaifungua. Peter Ruane. Honor, mke. Nora, binti, miaka miwili. Winifred hayumo. Sahihi ya Peter ilikuwa ileile. Mke wa kwanza alikufa, wa pili akaingia, na baba yule, kwa mkono wake, akamgeuza mwanawe mtumishi.

Nilidhani Mama atalia.

"Chapisha," akasema. "Nyingi."

Jumapili ya kubariki makaburi, kila ukoo ulipokuwa umesimama kwa wafu wake, Mama alikwenda moja kwa moja kwa akina Ruane.

"Umepotea, Attracta," Malachy akasema. "Wenu wako kule ukutani."

"Sijapotea. Nimekuja kwa babu yangu."

Akaanza kugawa karatasi kama mtu anayegawa peremende. Bibi Gavaghan, jirani mwenye sauti ya kengele, akasoma bila kuombwa: "Nora, binti... Yesu na Maria! Malachy, mlimlaza shangazi yenu na ndama?"

"Karani alikosea," Malachy akasema, masikio yamemwiva.

"Karani gani? Babu alijaza mwenyewe na sahihi akatia," Mama akajibu.

"Sema basi unataka nini. Ardhi?"

"Ardhi, ndiyo. Futi sita. Juu ya Winifred."

Mtu akacheka kwa nyuma. Padri akakohoa, akaendelea na maji yake ya baraka, lakini hakuna aliyekuwa akisali.

Malachy alikwenda kwa wakili. Haikumsaidia: kamati ya makaburi ilisema mjukuu ni mjukuu. Mama alifariki Februari, mvua ikinyesha, nasi tukamzika alipotaka. Kisha nikampeleka mchonga mawe, akaweka jiwe jipya. Chini ya jina la Peter aliandika Honor, mkewe, halafu Nora, binti yao, halafu Mama. Winifred jina lake lipo, chini kabisa, karibu na majani.

Nasikia Malachy amenunua kiwanja cha kaburi parokia ya pili. Mkewe anasema hataki jina lake likae chini ya la Attracta milele. Watu wazuri wameniambia nimwonee huruma, ni mzee, wala si yeye aliyeandika "mtumishi". Ni kweli. Nimejaribu kumwonea huruma, nikakuta sina.