Pikipiki Ndani ya Gari la Mama Émerance

Mama Émerance alikuwa amekwisha kupakia vitu vingi katika Fielder yake nyeupe, lakini pikipiki ya mashindano, bado. Unga, ndiyo: magunia kumi na nane kwa safari moja, kutoka Mokambo mpaka Lubumbashi, na wanawake wawili juu yake. Mafuta ya kula, kuku hai, kabati la milango mitatu lililofunguliwa vipande vipande, na mara moja jeneza, tupu, Mungu ni shahidi. Miaka ishirini ya biashara ya jumla, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kusema kwamba mzigo wake ulipotelea mikononi mwa Émerance. Hayo aliyasema mwenyewe, tena kwa sauti, maana hakuona sababu ya kungoja wengine wayaseme.

Basi Jumapili ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale nyumbani kwao Katuba, binti yake Wivine aliingia jikoni uso umemshuka. Ile camionnette, kigari cha mizigo kilichokuwa kibebe pikipiki, imekufa klachi, na mwenyewe amezima simu. Kuiendesha pikipiki barabarani hakuwezekani. Haina taa wala namba, polisi wangeikamata kwenye njia panda ya kwanza. Na huko kiwanjani, barabara ya Likasi, saa nne kamili walikuwa wanafunga ukaguzi. Asiyekaguliwa hashindani. Zilikuwa mbio za mwisho za mwaka. Wivine na kijana mmoja aitwaye Fils walikuwa sawa kwa pointi, na klabu yao ingempeleka mtu mmoja tu kushindana Zambia.

"Basi, njo vile," Wivine alisema. "Siende tena."

Émerance alizima jiko. "Iko na urefu gani?"

"Nini?"

"Pikipiki yako. Nakuuliza urefu."

"Mètre mbili na kidogo. Mama, Fielder ni ndogo."

"Bantu bote banasema vile, kisha banaona," mama alijibu, akaenda kutafuta magunia matupu.

Sasa lazima ijulikane siri moja, la sivyo mambo yaliyofuata hayatakuwa na ladha. Tangu Wivine avunjike mfupa wa bega, miaka mitatu iliyopita, Émerance hakukosa kumwombea kila Jumapili ya mbio. Lakini aliomba nini? Aliomba ashindwe. Asianguke, Bwana, asiumie hata ukucha, ila ashindwe vibaya, achoke, aiuze ile pikipiki, arudi kuwa binti wa watu. Alikuwa akiomba hivyo kwa imani yote, na Wivine alikuwa akirudi na kikombe. Ndiyo maana wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, mbona alikwenda kutafuta magunia? Angekaa zake akaendelea na chai. Shida ni kwamba alikuwa ameambiwa gari lake ni dogo. Émerance ukimwambia mzigo hauingii, umemtukana.

Pikipiki ikaletwa uani. Kwanza aliizunguka mara mbili, mikono kiunoni, kama anavyowazunguka wauza mahindi. Kisha akaanza kutoa amri. Petroli yote itoke kwenye tangi, iingie kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu hakuwa tayari kufika kanisani ananuka kama gereji. Gurudumu la mbele litoke. Usukani ulegezwe, ugeuzwe, ulale sambamba na tangi. Viti vya nyuma vikunjwe, kiti cha abiria kisogezwe mbele mpaka mwisho. Wivine alikuwa fundi wa kazi hiyo, spana zilimtii, lakini kila alipotaka kuinua alizuiwa.

"Polepole. Chembamba kinatangulia, matako yanafuata."

Wakaiinua wawili, wakaisukuma kwa mlango wa nyuma, ikalala ubavu juu ya makatoni na magunia, uma za mbele zikapenya kati ya viti viwili. Ikabaki nje kiasi cha kiganja. Émerance akainama, akatazama, akasogeza gurudumu la nyuma kidogo kushoto, akasukuma kwa kiuno chake ambacho hakikuwa cha mchezo. Mlango ukafungika.

"Sasa jaza," alisema. Kila penye uwazi alisokomeza gunia lililokunjwa, chini ya tangi, kando ya injini, kwenye kona zote, mpaka alipoisukuma pikipiki kwa mguu na yenyewe haikutikisika. "Muzigo yenye kucheza njo inavunjika. Yenye kubanwa inafika."

Wivine alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakukumbuka lini mara ya mwisho mama yake aliigusa pikipiki ile bila kusonya.

Ilibaki sheria moja ya Émerance, sheria ya barabara ya Mokambo: kitu kidogo hakisafiri na kikubwa. Vitu vidogo vikiachwa garini vinaanguka chini ya viti, vinaingia mikononi mwa watu, vinapotea. Vidogo vinakaa mwilini mwa mwenye mzigo. Hivyo alipoiona nati ya ekseli ya mbele imelala juu ya ndoo pamoja na pete zake mbili za chuma, hakuuliza mtu. Alizifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, kile kitenge cha kwaya, fundo la mara mbili, akalichomeka kiunoni. Ncha nyingine ilikuwa tayari na fundo lake, la sadaka.

Walifika parokiani saa mbili kasoro dakika tano, Émerance magoti yakigusa dashibodi. Alishuka, akajinyoosha, akagonga paa la gari mara mbili kama anavyofanya kwa kila dereva wake.

"Kwenda. Na usikimbize gari yangu, kimbiza yako kule."

"Asante, mama," Wivine alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha hasa. Gari likaondoka. Na fundo likabaki kiunoni mwa Émerance, mwanamke ambaye hajawahi kupoteza mzigo wa mtu.

Ibada ilikwenda vizuri. Aliimba, na alipofikia sala zake za kila Jumapili ya mbio aliomba kama kawaida, ingawa safari hii maneno yalimtoka kwa uzito kidogo. Wakati wa matoleo wanakwaya walipanga mstari, wakacheza taratibu kuelekea kikapu. Émerance alifungua fundo huku akicheza. Hakutazama. Aliingiza vidole, akagusa kitu cha baridi chenye grisi.

Miguu yake ikasimama. Nyuma yake Mama Kapinga akamgonga mgongoni.

Nati ilikuwa imekaa kiganjani mwake, na pete mbili kando yake. Katika mkoba simu ilikuwa inatetemeka; alijua ni nani, na alijua kwamba haikuwa mara ya kwanza. Bila nati hiyo gurudumu halikai. Ni Jumapili, maduka ya vipuri yamefungwa. Wivine asingekaguliwa, asingeshindana, asingeenda Zambia. Asingeanguka. Yaani yote aliyoyaomba kwa miaka mitatu yalikuwa yamewekwa mkononi mwake, mbele ya altare, na yeye hakutakiwa kufanya chochote. Aketi tu. Kesho aseme pole mwanangu, mama alisahau. Nani angemlaumu? Hata Wivine asingemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma.

Maana aliona sasa kwamba sala yake ilikuwa inamtaka awe mwizi. Ule ulikuwa mzigo wa mtu. Alikuwa ameupokea mwenyewe uani, ameupakia kwa mikono yake, amechukua kilicho kidogo akakiweka mwilini, na mzigo ukipokelewa unafikishwa, upende usipende anachokwenda kuufanyia mwenyewe. Aliona haya. Si mbele ya watu; watu walikuwa wanaimba. Aliona haya mbele ya mtoto wake, aliyemwambia asante.

"Pita," alimwambia Kapinga. "Mi naenda."

"Wapi? Mbele ya komunyo?"

"Mungu ananijua. Atanipata njiani."

Nje, wenye pikipiki za kubeba abiria, manseba kama wanavyoitwa mjini, walikuwa wameegesha wakipiga soga. Émerance alimchagua mmoja mwenye mvi kidevuni, jina lake Chance, kwa kuamini kwamba aliyezeeka juu ya pikipiki hana papara.

"Barabara ya Likasi, kiwanja ya mbio. Saa ine haijafika, tuko kule."

"Mama, ile ni mbali."

"Sikukuuliza kama ni mbali."

Alipandisha kikwembe, akakaa kiume, akamkumbatia Chance bila aibu, nati ikiwa imefumbatwa ndani ya ngumi. Aliogopa. Katika mtaa wa kwanza aliogopa mpaka meno yakagongana, na upepo wa kipupwe ulimtoa machozi. Lakini kufika katikati ya mji hofu ilikuwa imechoshwa na hasira, kwa sababu Chance alikuwa anapunguza mwendo kwenye kila kona.

"Papa, inamisha," alimpigia kelele sikioni. "Kona hawakatake wima wima! Mutoto yangu anainamishaka mpaka goti inagusa vumbi."

Chance aligeuza kichwa nusu. "Mutoto yako anaendesha?"

"Anaendesha kukupita weye," alisema Émerance, na akashangaa kusikia majivuno katika sauti yake mwenyewe.

Walifika ikiwa imebaki dakika kumi na mbili. Wivine alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, usukani umeshanyooshwa, petroli imerudi tangini, gurudumu limeegemezwa, simu mkononi. Halii, mtoto wa Émerance halii mbele ya watu. Fils, yule mshindani wake, alikuwa amepiga magoti hapo hapo, amemwaga chini boksi lake zima la nati, na hakuna hata moja iliyoshika.

Émerance alifungua ngumi.

Wivine aliiangalia nati, akaangalia kikwembe cha kwaya, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na Chance nyuma yake anayepumua kama aliyemkimbiza mtu. "Mama. Misa imeisha?"

"Yangu imeisha. Leta gurudumu."

Mama alishika gurudumu, binti akapitisha ekseli, pete huku, pete kule, nati, spana. Mikono yao ilikuwa inapishana bila kugongana. Mkaguzi, mzee Dominique, aliinua sehemu ya mbele, akalizungusha gurudumu, akalitikisa kwa nguvu, akatazama saa yake. Kisha akabandika karatasi ya ruhusa kwenye bamba la namba ya mbio.

Wivine alivaa kofia. Émerance akamshika mkono kabla hajashusha miwani.

"Iko kitu nataka kukuambia. Hizi miaka tatu, nilikuwa nakuombea ushindwe."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Unaombaka na sauti."

Émerance akauachia mkono wake. Wivine alishusha miwani, akapiga teke injini, akaondoka kwenda kwenye mstari.

Mbio zilikuwa raundi kumi. Fils aliongoza sita. Katika ya saba, kwenye mteremko wenye mawe ambako wenzake wote walikuwa wanashika breki, Wivine hakushika, akapita kwa ndani. Kuanzia hapo alionyesha mgongo tu. Alipovuka mstari wa mwisho, Chance, aliyekuwa amesahau kabisa kazi yake, alikuwa anarukaruka na watu asiowajua.

Wivine alirudi polepole, akavua kofia. Uso wote ulikuwa vumbi isipokuwa pale palipofunikwa na miwani.

"Mama, sema kweli. Ulifunga macho."

"Kona ya kwanza, nilifunga," Émerance alisema. "Kisha nikajiambia, ile gurudumu nimeishika na mikono yangu. Nikafungua."