Pipa la Kabichi ya Mdachi

"Toba yarabi!" Abasi alijiziba pua kwa ncha ya kilemba, akalisukuma pipa kwa goti, na kabichi yote ikamwagika mtaroni nyuma ya jiko. Maji yake yalikuwa na povu, na ukali wake ulimtoa machozi. Akalisugua pipa kwa mchanga na maji ya moto mpaka likang'aa, akalianika juani, akasimama kulitazama kwa raha ya mtu aliyeokoa roho ya bwana wake.

Usafi wake ndio uliomnasa. Mgeta nzima hapakuwa na masufuria yaliyosuguliwa kama yake, na Mdachi mwenye shamba, ambaye tumbo lilimvimba na kunguruma kila alipokula, alimwajiri awe mpishi wake kwa ajili hiyo hiyo.

Stefano, karani aliyesomea misheni, alitokea na daftari lake kwapani. Akalitazama pipa. Akautazama mtaro.

"Abasi, umefanya nini?"

"Imeoza, karani. Wiki tatu imo humo na chumvi. Bwana kaisahau."

"Kaisahau! Ile ndiyo dawa ya tumbo lake. Kwao huichachusha makusudi, wakala. Ijumaa anarudi kutoka bomani Morogoro. Asipoikuta, utalala kifudifudi. Hamsa ishirini."

"Wazungu wanakula uozo?"

"Hesabu siku zako, ndugu yangu. Leo Jumapili." Na karani akaenda zake, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano, na msimamizi wa shamba hakuwa mtu wa kusahau hata kimoja. Abasi aliteremka nyumbani kajishika makalio, utadhani yameshaanza kuuma.

Mkewe, Mwanaheri, alikuwa akikoroga togwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Pili, na hii unayokunywa kila siku ni nini? Si uji wa ulezi niliouacha uchachuke?"

"Togwa ni togwa, Mama Pili. Yale ni majani yenye povu!"

"Na hii haina povu? Mtoto alipoharisha mwezi ule, tumbo lake lilitulizwa na nini?"

Abasi akaiinamia togwa, akalitazama povu lake.

"Haya, lete kabichi, na lile pipa. Na vibuyu vyangu usivisugue, nakuomba."

Wakaikatakata, wakaiponda na chumvi mpaka ikatoa maji. Mwanaheri akamimina kata moja ya togwa ndani ya pipa, akaigandamiza kabichi kwa jiwe, akaliweka pipa karibu na mafiga, maana baridi ya Mgeta haichachushi kitu. Siku ya tatu povu likapanda, na mkono wa Abasi ukaanza kutafuta mchanga.

"We! Nusa kwanza!" Mwanaheri alimpiga kofi mkononi. "Ukali huo ndio wenyewe. Ukiona kimeota manyoya, kinanuka mzoga, hapo mwaga, tena mbali na watoto. Wewe unatanguliza mikono, pua inafuata nyuma."

"Na nikishampa?"

"Mpe kijiko, si bakuli. Tumbo lililochafuka ukilishtua, litakutangaza shamba zima."

Ijumaa Mdachi alirudi kajikunja juu ya nyumbu wake, uso wa kijani. Abasi akampa kijiko kimoja. Jumamosi viwili. Jumapili mchana akaomba sahani, akala bila kuinua kichwa. Halafu akaacha kutafuna. Akatoa kitu kidogo katikati ya meno, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mpishi. Nini hii?"

Lilikuwa ganda la ulezi. Abasi alimtazama Stefano aliyesimama mlangoni. Stefano akatazama dari. Nyuma yake Mwanaheri, aliyeleta kuni, aliushika mzigo wake bila kuutua.

"Ulezi, Bwana." Abasi alisogea mezani. "Kabichi yako niliimwaga, nikidhani imeoza. Hii kaichachusha mke wangu, kwa togwa."

Mdachi akaweka mkono tumboni, akainamisha kichwa kama mtu anayetega sikio kwenye ukuta wa jirani. Chumba kizima kikasikiliza pamoja naye. Nje mvua ya milimani ilianza kugonga bati. Ndani ya lile tumbo, kimya.

Alisikiliza muda mrefu. Kisha akalirudisha ganda la ulezi mdomoni, akalitafuna polepole, macho yake hayabanduki usoni pa Abasi, akaisukuma sahani mbele iongezwe.