Mwanya wa Makusudi

Kijino alikuwa hakaliki. Ukimpa kiti anasimama, ukimwacha asimame anatafuta kiti. Simu ameikumbatia kiganjani tangu asubuhi kama mtu aliyeokota kifaranga. Anaifungua, anaifunga, anaifungua tena, na kila akiifungua maneno ni yale yale: maombi yako hayajakamilika.

Alikuwa ameomba kwenda kusoma shahada ya uzamili nje, huko kwenye baridi ambako watu wanasomea mpaka ugumu wa jino la bandia. Vyeti alishatuma. Pasipoti alishatuma. Maelezo ya kujinadi aliyaandika vizuri mpaka akaanza kujionea wivu mwenyewe. Kilichobaki ni kitu kimoja, nacho hakikuwa mikononi mwake: bosi wake amsemee. Chuo kilishamtumia bosi fomu kwenye kompyuta. Aijaze, abonyeze, basi. Mwisho Ijumaa jioni, na leo ilikuwa Jumatatu.

Bosi mwenyewe alikuwa fundi wa meno ya bandia, mzee mwenye miwani puani na miwani nyingine kwenye upara, anayoitafuta kutwa. Karakana yao ilikuwa nyuma ya kliniki ya meno, vyumba viwili: kimoja cha kukoroga plasta na kuchemsha kalibu, kingine cha kupanga meno kwenye nta. Vumbi jeupe lilikuwa kila mahali, hata kwenye kope. Mpangaji wa meno alikuwa Kijino, jina alilopewa na watu wa kliniki kwa kazi yake na udogo wa umbo lake. Meno aliyoyapanga yeye yalitulia kinywani. Hayakugongana mtu akiongea, wala hayakumkimbia akipiga chafya.

"Bosi, ile fomu?"

"Kesho, mwanangu."

Kesho hiyo ilikuwa imeshazaa na kujukuu.

Jioni akamweleza bibi yake, mama mzaa baba, aliyekuwa akiishi naye. Bibi alikuwa amejilaza, meno yake kayavua na kuyaweka kwenye kikombe. Aliyemtengenezea alikuwa mjukuu huyo huyo. Bila meno bibi alikuwa na akili zaidi. Mwenyewe alidai kwamba yakiwa kinywani yanambana mawazo.

"Mke mwenzangu," akasema, "hebu niambie. Huyo bwana wako wa meno anakupenda?"

"Bibi!"

"Kazi yako, mwehu wewe! Anaipenda?"

"Sana."

"Basi ndiyo hapo. Unamkumbuka yule mpangaji wetu mkorofi, wa redio? Alipokuja mwenye nyumba mwingine kuniulizia habari zake, nilimsifu mpaka nikatokwa jasho. Mstaarabu, nikasema, halali kabla hajafagia uwanja. Akamchukua siku ile ile." Bibi akacheka, fizi tupu. "Na yule mpole anayenitekea maji, walipokuja kumuulizia, nikasema mie mzee, sijui chochote, macho hayaoni. Mpaka leo yuko chumba cha nyuma."

Kijino akamtazama. "Kwa hiyo na mimi niwe mkorofi?"

"Kidogo tu. Akuchoke. Akishakuchoka, atakusifu kama malaika."

Jumanne Kijino akajilazimisha kuchelewa. Aliingia watu wanakaribia kunywa chai.

"Afadhali umelala," bosi akasema kwa furaha. "Ulikuwa unakonda."

Akaambiwa akoroge plasta. Akavuta pumzi, akajibu, "Kwani wewe mikono huna?"

Bosi akaitazama mikono yake upande huu na upande ule, akaangua kicheko, akakoroga mwenyewe. Siku nzima alikuwa anaupeleka utani huo kliniki, chumba kwa chumba. Kijino huku nyuma anatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, simu mkononi. Hayajakamilika.

Jumatano akaona hakuna dawa ila kuharibu kazi. Lakini aharibu nini? Jino likikaa vibaya linachubua fizi, na mtu wa watu hajamkosea kitu. Alitaka ubaya usiomuumiza yeyote. Mezani palikuwa na seti ya mama mwenye duka la vitambaa, mwanamke wa maneno makali ambaye muuzaji akimkatia kitambaa pungufu anasikika mtaa wa pili. Huyo atafaa, Kijino akawaza. Akapasha nta moto, akayasogeza meno mawili ya mbele, akaacha nafasi katikati.

Alhamisi yule mama akaja, akavaa, akakikodolea kioo macho. Kijino alishajiandaa kwa matusi, mabega juu.

"Nani amekwambia?" mama akauliza taratibu.

"Nini, mama?"

"Kama nilikuwa na mwanya! Marehemu mume wangu aliniolea huu mwanya! Kila fundi ananipangia meno kama uzio wa bati, leo mtoto huyu kanirudishia usichana wangu!" Akacheka mbele ya kioo, akacheka kwa upande, akamkumbatia Kijino mpaka vumbi likahamia kwenye gauni lake. Jioni akarudi na wifi zake wawili, nao wanataka mwanya.

"Mwanangu," bosi akasema, macho yamelowa, "wewe hata dunia ikipinduka sikuachi."

Kijino akaenda kukaa chooni.

Ijumaa mchana uvumilivu ulimwisha. Akaingia kwa bosi bila kubisha.

"Bosi, fomu inafungwa leo. Kama hutaki, sema hutaki."

Bosi akageuza kompyuta. Fomu ilikuwa imejaa tangu juu mpaka chini, sifa juu ya sifa. Kisanduku kimoja tu kilikuwa kitupu: taja udhaifu wa mwombaji.

"Nikikiacha wazi, haitumi," akasema. "Nitaandika nini?"

"Nilichelewa Jumanne!"

"Mara moja katika miaka mitatu? Watanicheka."

"Nilikujibu jeuri."

"Lini?"

"Ile ya mikono!"

"Kumbe ule ulikuwa ujeuri?"

"Na mwanya niliuweka makusudi," Kijino akasema. "Niliharibu ili unichoke, uniachie niende."

Bosi akavua miwani. Akashusha na ile ya upara, akaziweka zote mezani, akabaki anapapasa kibao cha herufi kama hakijui. Kijino alihesabu meno ya mfano rafuni, akapotea, akaanza upya.

"Kisanduku hiki," bosi akasema mwishowe, "nimeshakijaza mara nyingi. Naandika, nafuta. Sikuwa nakosa neno, mwanangu. Nilikuwa nakosa kidole cha kubonyeza."

Akavaa miwani, akaandika polepole, akisoma kwa sauti: "Hajui kuharibu kazi. Wiki hii amejaribu kwa bidii zote, ameshindwa." Akabonyeza haraka, kama anayeng'oa jino.

Kijino akafungua simu. Maombi yako yamekamilika. Akakaa. Akasimama.

"Watanikubali, bosi?"

"Hebu kaa."

"Siwezi."

"Hata mimi," bosi akasema, naye akainuka, wakaanza kupishana kwenye kile chumba kidogo, huyu anakwenda huyu anarudi.

Simu ikalia. Bosi akaona jina kwenye kioo, akainyakua kabla ya mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Hivi aliyemfundisha huyu mtoto ukorofi ni nani?"

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu asiye na meno.

"Marahaba, baba. Mie mzee, sijui chochote. Macho hayaoni."

Kijino alikuwa ameshanyoosha mkono, anaitaka simu yake, aangalie kama wamejibu.