Kurasa Arobaini Zisizo Zake

Boksi la nakala za kitabu chake lilifika nyumbani kwa Mwalimu Annah Ayuma, Donholm, Ijumaa saa nne asubuhi. Alikuwa amekingoja kitabu hicho miaka tisa, kwa hiyo hakuhangaika kutafuta kisu. Alilipasua boksi kwa vidole. Kilipendeza. Jina lake liling'aa juu kwa herufi za dhahabu. Alikifungua harakaharaka hadi mwisho, na huko akakuta kurasa arobaini ambazo hakuziandika.

Maswali Arobaini ya Kumfunga Mwislamu Mdomo. Ndivyo sehemu hiyo ilivyoitwa.

Akarudi nyuma kuitafuta sura ya tano, ile aliyoeleza jinsi wanawake wa Kiislamu wa Garissa walivyomwuguza malaria katika mwaka wake wa kwanza wa umisheni, na mambo aliyojifunza akiwasikiliza wakimwombea kando ya kitanda. Haikuwapo. Kutoka sura ya nne kitabu kiliruka hadi ya sita, na aliyeikata hakujisumbua hata kubadilisha namba.

Annah alikuwa na miaka sitini na miwili. Kanisa lilimtuma Garissa akiwa msichana wa miaka ishirini na sita, na agizo alilopewa lilikuwa fupi: nenda ukawageuze. Alipofika aliona hawezi kumgeuza mtu asiyemwelewa, akaanza kujifunza Kiarabu. Kiarabu kikamwingiza kwenye msahafu, msahafu ukamwingiza kwenye vitabu vya sheria, na alipokuja kushtuka alikuwa mwalimu wa chuo cha wachungaji, anayewaeleza Wakristo Uislamu ni nini. Hakuacha kumwamini Yesu hata siku moja. Ila alichoka kuwasikia wahubiri wakiwasingizia majirani zao, na uchovu huo ndio uliomwandikisha kitabu.

Alimpigia simu Mchungaji Opicho, mkuu wa idara ya umisheni iliyokichapisha kitabu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, usikasirike," Opicho alisema kabla hajaulizwa. "Kamati ilikaa."

"Ikakaa, ikaandika kwa jina langu?"

"Ile sura ya tano ingewachanganya washirika. Na maswali, vijana wetu wanayahitaji. Kila Jumamosi wanaaibishwa kwenye mihadhara ya kushindana na Waislamu kule mtaa wa Pipeline."

"Swali la kumi na mbili ni uongo, Opicho. Nilikufundisha mwenyewe darasani kwamba ni uongo."

"Mwalimu, watu hawanunui kitabu ili waelewe. Wananunua ili washinde."

"Basi msikizindue."

"Mgeni rasmi ashaalikwa, Mwalimu. Ni Jumapili saa nane."

Annah alikata simu kwa hasira. Kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi. Maalim Jimale, Msomali anayefundisha madrasa Eastleigh, alikuwa amesoma naye kila Jumanne kwa miaka kumi na moja. Hakukuwa na neno la Kiarabu kitabuni ambalo kalamu nyekundu ya mzee huyo haikulipitia, na ukurasa wa kwanza ulimshukuru kwa jina. Annah alimpigia mara tano. Jumamosi binti yake ndiye aliyepokea.

"Baba amekiona kitabu," alisema. "Jana vijana wa kanisa lenu walikuwa wakikigawa nje ya msikiti." Kisha akakata.

Jumapili, ukumbi wa kanisa ulijaa. Annah alipopewa kipaza sauti hakusalimia mtu.

"Kurasa za mwisho za kitabu hiki si zangu," alisema. "Zina makosa, na nyingine ni uongo mtupu. Nimeishi na Waislamu. Nimejifunza kwao kusali, nimejifunza kwao kumheshimu Mungu, na sitakubali..."

Kipaza sauti kikazimwa. Opicho akaiashiria kwaya, kwaya ikaanza kuimba, na Annah akabaki amesimama pale akipanua mdomo bila mtu kumsikia. Alipotoka, Kavinya, ambaye walikuwa wameomba pamoja naye Alhamisi baada ya Alhamisi kwa miaka mingi, alimshika mkono mlangoni.

"Annah, niambie ukweli. Umesilimu?"

"Kavinya! Hata wewe?"

"Nauliza tu. Watu wanauliza."

Kufikia Jumatatu mchana, sekunde kumi za hotuba yake zilikuwa zikizunguka kwenye simu za watu, zimekatwa mahali palipofaa, zikitangaza kwamba mmishonari wa Donholm ameukubali Uislamu. Watu asiowajua walimtumia pongezi. Chuo kilimtumia barua: asiingie darasani hadi kamati ikae. Pale steji ya bodaboda kijana mmoja alimsalimia kwa kelele, "Mathe, niaje? Ama siku hizi ni salamaleko?" Annah alijikuta akimweleza muuza nyanya kwamba yeye bado ni Mkristo, na muuza nyanya hakuwa amemuuliza chochote.

Jumanne alikwenda Eastleigh kama kawaida. Maalim Jimale alifungua mlango, akabaki amesimama katikati yake.

"Ulijua, dada Annah?"

"Sikujua, Maalim. Wallahi sikujua."

"Wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini nilimnolea Mkristo kisu. Niwajibu nini?"

"Mwambie anayeuliza aje kwangu. Nilisema mbele ya kanisa zima, na nimefukuzwa darasani kwa ajili hiyo."

"Nimeiona video." Mzee alijikuna ndevu. "Msikitini wanasema umekaribia kusilimu. Nami nilitumaini kidogo."

Hapo ndipo Annah alipopandwa na hasira aliyokuwa ameibana tangu Ijumaa. "Miaka kumi na moja, Maalim! Tumesoma miaka kumi na moja, na wewe ulikuwa unaningoja tu nigeuke?"

"Na wewe," Jimale aliuliza polepole, "hukutumaini hata siku moja kwamba nitabatizwa?"

Annah alitaka kusema hapana.

"Nilitumaini," alisema.

"Hadi leo?"

"Hadi leo."

Mzee alisogea kando ampishe. Ndani, kitabu kilikuwa juu ya meza, kimejaa alama nyekundu kwenye kurasa zile za mwisho.

"Kaa," alisema. "Haya maswali tutayajibu yote arobaini, kwa jina lako na langu."

"Kanisa halitayachapisha majibu yetu."

"Na msikiti wangu hautayachapisha. Kaa."

Annah aliketi, akatoa kalamu. Kufikia adhana ya alasiri walikuwa wameyamaliza maswali matatu, na katika mawili kati ya hayo walikuwa wamegombana hadi binti wa Maalim akaja kuchungulia mlangoni.